Gauni halipiti kichwani, kaptula inashuka: kasoro za nguo ya mtoto iliyoshonwa kwa mabaki ya kitenge

Kitenge cha yadi sita kikishashonwa gauni la mama, mara nyingi hubaki yadi moja au mbili, pamoja na vipande vya pembeni vilivyokatwa kwapani na shingoni. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi sita hicho ni kitambaa cha kutosha. Upana wa kitenge ni karibu inchi 45, kwa hiyo yadi mbili zinaweza kutoa gauni la mmoja na kaptula ya mwenzake. (Kama gauni la mama lilishonwa kwa fundi, dai mabaki yako siku ile ile unayochukua nguo. Ukirudi wiki ijayo yamekwisha kuwa mfuko wa mtu mwingine.) Ugumu wa mabaki ni kwamba ukikosea kukata huna pa kukatia tena. Ndiyo maana hapa tunaanza na kasoro uliyoishika mkononi, halafu tunarudi nyuma kutafuta ilikotoka na namna ya kuiokoa nguo bila kitambaa kipya.

Kabla ya kufumua chochote, amua kosa ni la kitambaa, la kipimo au la cherehani. Cherehani ndiyo inayosingiziwa zaidi. Chukua kipande kidogo cha kitambaa kile kile, kikunje mara mbili, ukishone mstari mmoja ulionyooka. Mshono ukitoka mzuri hapo lakini kwenye nguo ni mbaya, usiguse skrubu hata moja. Shida iko kwenye ukataji au jinsi ulivyokivuta kitambaa wakati wa kushona. Ukitoka mbaya hapo pia, ruka hadi sehemu ya cherehani huko chini.

Nguo haipiti kichwani

Hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, na hugunduliwa asubuhi ya sikukuu, mtoto ameshaoga na kupakwa mafuta. Chanzo chake ni kupima shingo. Shingo ya mtoto ni nyembamba, kichwa chake ni kikubwa, na nguo isiyovutika lazima ipite kichwani kwanza. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mzingo wa kichwa wa mtoto wa kati ni takriban sentimita 45 hadi 46 akiwa na mwaka mmoja, 47 hadi 48 akiwa na miwili, na 50 hadi 51 akifika mitano. Angalia jinsi unavyoongezeka taratibu: kati ya miaka miwili na mitano kichwa hakiongezeki hata sentimita nne, wakati mwili umerefuka sana. Kwa hiyo hata gauni la mtoto mdogo linahitaji tundu karibu sawa na la kaka yake.

Zungusha futi juu kidogo ya nyusi na masikio, pale kichwa kinapojaa zaidi. Ongeza sentimita mbili au tatu. Hicho ndicho kipimo cha tundu likiwa limekwisha kupindwa. Kama mtoto amesukwa nywele, pima na nywele zake.

Sasa tuseme nguo imekwisha kushonwa na tundu ni dogo. Usiingize mkasi kwa hasira. Ukipunguza nusu sentimita kuzunguka shingo nzima, tundu linaongezeka sentimita tatu na ushee. Ukipunguza sentimita moja, linaongezeka zaidi ya sita. Watu wengi hukata vidole viwili kwa mkupuo mmoja, nguo inapita kichwani vizuri, kisha inateleza mabegani. Kama pengo ni sentimita tatu au chini, punguza kidogo mbele tu, kwa sababu shingo ya nyuma ikishuka gauni zima huelekea mgongoni. Kama pengo ni kubwa zaidi, acha shingo ilivyo na upasue mpasuo mgongoni. Mpasuo wa sentimita 10 unaongeza 20 kwenye mzunguko wa tundu, maana una kingo mbili. Uzungushie ukanda wa kitambaa, weka kifungo kimoja juu na kitanzi cha uzi upande wa pili.

Kwa mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, shona kifungo hicho kwa uzi uliokunjwa mara mbili, pitisha sindano kila tundu mara kadhaa, funga fundo nyuma, kisha kivute kwa nguvu zako zote. Na usibadilishe kifungo kwa kamba ndefu ya kufunga shingoni, hata kama inapendeza. Kiwango cha Ulaya cha usalama wa nguo za watoto, EN 14682, hakiruhusu kamba za kuvuta shingoni au kwenye kofia ya nguo ya mtoto aliye chini ya miaka saba, kwa sababu zinaweza kunasa mahali na kumkaba.

Shingo imefumbuka, nguo inaanguka begani

Hapa kuna magonjwa mawili yanayofanana. Ama uliichora shingo pana, ama uliichora sawasawa lakini ikavutika. Rudisha kiolezo cha karatasi juu ya nguo. Shingo ikilingana na karatasi, mchoro ndio ulikuwa mpana. Kitambaa kikiwa kirefu kuliko karatasi, kimevutika.

Kuvutika hutokea kwa sababu sehemu za duara zinapita mshazari wa kitambaa, yaani hanamu ya nyuzi zake, na mshazari huvutika hata ukiishika nguo tu na kuining'iniza. Dawa: piga mstari wa mishono mirefu, kama milimita 4, karibu na ukingo. Vuta uzi mmoja taratibu mpaka shingo irudi kwenye kipimo cha karatasi, weka kitambaa kibichi juu yake na upige pasi kwa kubonyeza, bila kusugua. Ndipo uzungushie ukanda. Safari nyingine utakaposhona, piga mstari huo mara tu baada ya kukata, kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Mchoro ukiwa ndio mpana, njia rahisi ni kukunja solo (mkunjo ulioshonwa) moja au mbili ndogo katikati ya kifua kabla ya kuweka ukanda. Anayekuona hajui kama ulipanga hivyo tangu mwanzo.

Ukanda wenyewe ukikaa na mikunjo midogo midogo, kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, umekatwaje? Ukanda uliofuata uzi wa kitambaa haukubali kuzunguka duara. Ni lazima ukatwe mshazari, upana wa sentimita tatu na nusu hivi. Mabaki yana pembe nyingi za mshazari, unganisha vipande vifupi mpaka upate urefu. Pili, urefu wake. Ukanda uwe mfupi kuliko shingo kwa sentimita mbili hivi na uuvute kidogo unapopita kwenye duara. Ukiushona ukiwa umelegea, unasimama kama kola isiyotakiwa.

Kaptula inashuka nyuma mtoto akichuchumaa

Akisimama inapendeza. Akichuchumaa kuokota kitu, makalio nje. Karibu kila mara sababu ni moja: mbele na nyuma zimekatwa kwa kiolezo kimoja. Watu hufanya hivyo ili kubana kitambaa, nami naona ni ubanaji wa hasara. Upande wa nyuma wa kaptula lazima upande juu kuliko wa mbele, na mkunjo wake uingie ndani zaidi msambani, pale miguu miwili inapokutana.

Mpime mtoto akiwa amesimama, kuanzia kiunoni mbele, kupita katikati ya miguu, hadi kiunoni nyuma. Kisha mwache achuchumae na futi ikiwa hapo hapo; utaona inavyoshuka nyuma. Kiasi kilichoshuka ndicho kinachokosekana. Kwa kaptula mpya, pandisha katikati ya kiuno cha nyuma kwa sentimita mbili hadi tatu, ishuke taratibu hadi sifuri kwenye mishono ya pembeni. Mtoto anayevaa nepi anataka zaidi ya hapo.

Iliyokwisha kushonwa inaokoleka. Fumua njia ya lastiki upande wa nyuma. Kata kipande chenye umbo la mwezi mwandamo, sentimita nne katikati pamoja na nafasi za mshono, kikipungua kuelekea pembeni, ukishonee kati ya kiuno na makalio. Rangi ikiwa tofauti si kitu, fulana inafunika. Kama kaptula inabana msambani tu bila kushuka, fumua pale mishono minne inapokutana ukaweke kipande cha mraba wa sentimita nane, kikae kwa pembe. Nguo za kupanda miti zilikuwa na kipande hicho zamani, na sijui kwa nini mafundi wameacha kukiweka.

Mshono wa msambani ukichanika kila wiki wakati nafasi inatosha, ulishona mara moja tu. Ingiza mguu mmoja wa kaptula ndani ya mwingine, ushone mkunjo wote kwa mkupuo mmoja kutoka kiuno hadi kiuno, kisha rudia mstari wa pili milimita tatu ndani ya nafasi ya mshono.

Lastiki nayo ina lawama zake. Ikiacha alama nyekundu tumboni, ilikatwa fupi mno: anza na kiuno cha mtoto ukitoa sentimita tatu, mjaribishe, ndipo ufunge. Ikijipinda ndani baada ya kufua, njia yake ni pana kupita kiasi. Kwa lastiki ya sentimita mbili, njia ya sentimita mbili na nusu inatosha. Ukishaiweka sawa, shona mstari mfupi wa wima juu ya lastiki kwenye kila mshono wa pembeni, haitageuka tena.

Mguu mmoja au upande mmoja wa gauni unazunguka

Kitambaa kilikatwa nje ya uzi, yaani kiolezo hakikufuata nyuzi za urefu wa kitambaa. Kwenye jora zima ni rahisi kuufuata uzi, maana ukingo wenye maandishi ya kiwanda unakuonyesha urefu. Kipande cha mabaki hakina ukingo. Kivute kwa mikono kila upande: upande usiovutika kabisa ndio urefu, unaovutika kidogo ni upana, na unaovutika sana ni mshazari. Usiuamini mchoro wa kitenge peke yake, kwani chapa inaweza kuwa imekaa upande huku nyuzi zimenyooka.

Kasoro hii haina tiba ya kweli baada ya kushona. Unachoweza ni kufupisha: kaptula iishie juu ya goti, gauni liwe blauzi. Nguo fupi huzunguka kidogo kuliko ndefu.

Mikono miwili ya upande mmoja

Hutokea mtu anapokata kipande kimoja kimoja kwa sababu mabaki hayakunjiki. Kama kitenge chako ni cha nta, chapa yake iko pande zote mbili; geuza mkono mmoja ndani nje na uendelee, hakuna atakayejua. Kitambaa chenye chapa upande mmoja hakikubali ujanja huo. Kwenye kiolezo andika «kulia» upande mmoja na «kushoto» upande wa pili, na ukigeuze kila unapochora.

Kitambaa hakitoshi

Tandika mabaki yote sakafuni na violezo vyote vya karatasi juu yake kabla ya kukata hata kimoja. Anza na vipande vikubwa, yaani sketi ya gauni na nyuma ya kaptula. Mifuko, kanda na kola vitajipatia nafasi. Mtu anayeanza na kifua kwa sababu ndicho kinachoonekana, hujikuta na sketi ya nusu duara isiyo na nusu.

Kinachopungua kinaweza kuongezwa mahali fulani tu bila kuiharibu nguo. Katikati ya mgongo panakubali mshono. Mabegani panakubali kipande cha rangi nyingine. Chini ya sketi panakubali ukanda mpana, na ukanda huo utakufaa baadaye mtoto akirefuka. Katikati ya kifua sipapendi kama hapana vifungo, maana macho ya kila mtu yanatua hapo, na ua la kitenge likikatwa katikati bila kulingana linaonekana kama limepasuka.

Sketi ya marinda inataka kitambaa cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipimo cha kiuno. Ukiwa na pungufu ya hapo, marinda yanakaa machache machache, mengine yamelala. Ni heri uache marinda kabisa ushone sketi iliyopanuka kidogo chini. Kama kitambaa kinatosha lakini marinda yamerundikana upande mmoja, ulivuta kwa mstari mmoja. Piga mistari miwili sambamba ya mishono mirefu, gawa kiuno na sketi katika robo nne, bana robo kwa robo kwa pini, ndipo uvute.

Angalia pia ndege, samaki au taa zilizochorwa kwenye kitenge. Kama vyote vinatazama juu, violezo vyote lazima vitazame juu, na mahitaji ya kitambaa yanaongezeka. Kwa khanga kuna jambo zaidi: jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Kipande kimoja cha khanga ni takriban mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, pindo limezunguka kote, na maandishi yamekaa chini ya mji, yaani sehemu ya katikati. Pindo la upande mrefu likitumika kama ukingo wa chini wa sketi linapendeza sana, ila sketi iwe ya mstatili na marinda, kwa sababu pindo lililonyooka haliwezi kufuata sketi iliyokatwa duara. Na kabla ya mkasi, soma jina lenyewe na uone litaangukia wapi. Maneno ya kumjibu mke mwenza hayapaswi kutembea shuleni mgongoni mwa mtoto wa chekechea.

Baada ya kufua

Nguo imefupika: kitambaa hakikufuliwa kabla ya kukatwa. Pamba husinyaa, hasa ikikutana na maji ya moto mara ya kwanza. Shida ni kubwa zaidi ukichanganya kipande cha zamani kilichokwisha kufuliwa mara nyingi na kipya kutoka dukani. Kimoja kinasinyaa, kingine hakisinyai, na mshono kati yao unakunjamana. Hakuna pasi itakayounyoosha. Fumua sehemu hiyo na uishone upya sasa, maana usinyaaji mkubwa umekwisha kupita.

Nguo imelegea na kupoteza umbo: kilichokuwa kinasimama ni wanga wa kiwandani. Solo zilizosimama wima dukani zitalala baada ya maji. Ukitaka ugumu shingoni au kwenye kola, weka kitambaa kingine ndani.

Rangi imetoka kwenye kola nyeupe: chumvi na siki wanazoshauri watu hazishikizi rangi iliyokwisha kuchapwa kiwandani. Fua kitenge peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Kabla ya kukichanganya na cheupe, kisugue kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikiendelea kuacha rangi, tafuta kola ya rangi nyingine.

Mishono inachomoka nyuzi ndani: nafasi ya mshono ilikuwa ndogo. Acha sentimita moja na nusu hata kama mabaki yanakubana, na upeleke vipande kwa fundi mwenye ovaloki, mashine ya kufunga ncha za kitambaa. Kama hayupo karibu, pitisha zigizaga, au shona kwanza pande za ndani zikikutana, punguza, geuza, ushone tena ili ncha zifungiwe ndani.

Cherehani sasa

Fuata mpangilio huu, maana unaanza na rahisi.

Nyuzi zimejikunja rundo chini ya kitambaa: wengi hukimbilia bobini, lakini sababu huwa uzi wa juu. Ulipoupitisha, mguu unaobana kitambaa ulikuwa chini, kwa hiyo uzi haukuingia kati ya visahani vya kubania. Inua mguu, chomoa uzi wote, upitishe upya tangu mwanzo. Unaposhona, shika ncha zote mbili za uzi kwa mishono michache ya kwanza.

Mishono inaruka: badilisha sindano kabla ya kufikiria kitu kingine. Kwa kitenge cha kawaida tumia namba 14, kwa kitambaa chepesi namba 11, kwa mikunjo minene ya jinzi namba 16. Ukiweka sindano, uzi unaingilia upande wenye mfereji mrefu. Ukiingilia upande wa pili, cherehani itaruka au haitashona kabisa. Mabaki ya fulana yanaruka hata kwa sindano mpya, kwa sababu yanataka sindano ya ncha butu inayosukuma nyuzi bila kuzitoboa.

Uzi unakatika kila mara kwenye cherehani ya kukanyaga: tazama gurudumu. Mwanzoni mwa kukanyaga hupenda kuzunguka kinyume, nyuzi zinanasa na kukatika. Lianzishe kwa mkono kuelekea kwako, kisha miguu ifuate. Kama gurudumu la chini linazunguka bila la juu, mkanda umelegea, ufupishe kidogo.

Kitambaa hakisogei: meno yaliyo chini ya mguu yamejaa vumbi la nyuzi. Fungua bamba, safisha kwa brashi, tia tone la mafuta mahali penye tundu la mafuta, kisha shona kwenye kitambaa kibovu mpaka mafuta yaache kuchafua.

Mshono umekunjamana kwenye satini au kitambaa kingine chepesi cha kisasa: legeza kidogo kibana uzi cha juu, tumia sindano nyembamba, na weka ukanda wa karatasi chini ya kitambaa; ukimaliza, ichane. Ukivuta kitambaa kwa nyuma ili kiende haraka, unapinda sindano na kuzidisha mikunjo.

Matundu ya vifungo ndiyo kazi ninayoshauri kuipeleka nje. Cherehani ya kukanyaga hutoa mshono ulionyooka tu, na matundu ya kushona kwa mkono yanataka mazoezi ambayo nguo ya kwanza si mahali pake. Weka alama kwa chaki, pima kifungo pamoja na unene wake, upeleke nguo kwa fundi mwenye mashine ya matundu. Mpe kwanza kipande cha mabaki cha kitambaa hicho hicho, kilichokunjwa mara mbili kama ukingo wa nguo, atoboe tundu moja la majaribio.